Karai la Sanatu na Njia ya Baiskeli

Sanatu hukaanga koose, zile bagia za kunde, kando ya barabara kubwa ya mtaa wetu wa Kukuo, mjini Tamale. Mimi ni jirani yake. Miaka sita sasa sijapika kifungua kinywa kwangu.

Mwaka jana baiskeli ya binti yake, Tiyumba, ilikuwa imetundikwa ukutani. Lori lilimkwaruza njiani kwenda shule ya sekondari, mbali na mtaa wetu, na baba yake, Neindow, akasema basi. Tiyumba akawa anatembea saa nzima. Kila siku alichelewa, akakosa somo la hesabu la asubuhi, na mtihani ulikuwa karibu. Tulimwonea huruma sana.

Ndipo akaja mhandisi wa mji, Bwana Katari. Alipanga matairi meupe yaliyojazwa mchanga, akatenga njia ya baiskeli mbali na ya magari.

"Haya ni majaribio ya siku saba," alituambia. "Ukingo wa zege bado haujajengwa. Barabara hii mnaijua nyinyi. Jumapili tukutane shule ya msingi ya hapa mtaani, mniambie nilipokosea."

"Na usipotusikiliza?" Neindow akauliza.

"Mtayaviringisha matairi haya mpaka mlangoni kwangu, mzee wangu."

Tulicheka. Neindow akaitungua baiskeli.

Kesho yake Sanatu aliona mahali pazuri pa biashara: upande wa ndani wa safu ya matairi, kwenye njia ya baiskeli. Malori hayafiki, vumbi ni kidogo. Akahamishia huko jiko, karai na vigoda. Tulimsifu. Kigoda kimoja nilikibeba mimi.

Tiyumba akaja na baiskeli yake, akakuta njia imezibwa. Akachepukia barabarani. Lori likapiga honi, likafunga breki nyuma yake. Mwiko ukamponyoka Sanatu.

"Mwanangu, umeumia?"

"Hapana, Mama. Lakini mimi nipite wapi?"

Sanatu alilia pale pale mbele ya wateja. Kisha akazima jiko.

Jumapili alisimama wa kwanza. "Bwana Katari, nilimzibia mwanangu njia. Kosa ni langu. Lakini nikifukuzwa pale, tutakula nini? Ramani yako haina mahali pa muuzaji hata mmoja."

Watu wakaguna. Katari akaitandaza ramani juu ya dawati.

"Ni kweli, mama. Njia ikigeuka soko, mwenye baiskeli hurudi kwenye malori. Na muuzaji asipopewa mahali, hurudi njiani. Nionyeshe pa kukuweka."

Sanatu akagusa ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua unaopita kando ya barabara, penye ukuta wa shule ya msingi. Neindow akataka mtaro ufunikwe. Wazee wakataka ukingo wa zege uachwe wazi mbele ya msikiti, ili watu wavuke. Katari aliandika yote, akachora upya.

Miezi minne baadaye ukingo wa zege ulikuwa tayari. Tiyumba huwahi hesabu kabla ya kengele, na Sanatu hukaanga ng'ambo ya mtaro.

Juzi mteja mmoja alisimamisha pikipiki katikati ya njia ya baiskeli, akaagiza koose kumi. Alikuwa Bwana Katari mwenyewe.

"Ondoa hiyo kwanza," Sanatu akamwambia.

"Mama, binti yako ameshapita. Nimemwona."

"Wangu amepita. Wa wenzangu bado."

Katari akaisukuma pikipiki yake ng'ambo ya mtaro, ndipo akauziwa.