Waliolisikia Jiwe

Bisha. Bisha tu, nimezoea. Pale kijiweni kwetu Sirari walibisha madereva wa malori waliovuka mipaka mitatu, na leo wakiikaribia njia ya kule mtoni wanapandisha vioo. Shule niliiacha kidato cha pili, sikatai, lakini mwenye digrii wa kunishinda mdomo hajazaliwa kutoka hapa hadi Natta. Na hili si la kutunga. Lilimkuta Mokami, binti wa shangazi yangu, ambaye hajui kudanganya hata ukimuuliza nani kamaliza nyama.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Mwalimu Tumsifu wa jiografia aliwapeleka kidato cha tatu kuyasoma mawe, kule Tarime ya chini mashamba yanakoishia na mbuga kuanza. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, amepangiwa huku mwaka mmoja tu, na mwaka mzima hakupenda kitu: si vumbi, si ugali wetu, si watoto wetu. Nao walimrudishia. Akigeukia ubao, darasa zima linaiga mwendo wake.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walipima nyufa, wakachora majabali yaliyopandana kama magunia ghalani, wakaandika kwamba itale ni uji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Jua lilipofika utosini, mwalimu akasimama mbele ya jabali moja refu lililolala juu ya mengine, mgongoni lina vishimo vilaini kama vya kinu. Akachomoa nyundo apasue kipande, waone sura ya ndani.

Mokami akasogea. "Samahani mwalimu," akanong'ona. "Hilo haligongwi."

"Kwa nini, litalia?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Ndiyo, mwalimu. Litalia."

Alijua kwa sababu ya bibi yake. Zamani ng'ombe wakiibwa, mwenye mali alilipiga jiwe lile, na kila mwanamume aliyelisikia aliacha alichoshika akaja mbio. Aliyegonga aliulizwa mambo mawili tu: umepoteza nini, na mwizi ni nani. Akijibu, wanaondoka, na hawarudi mikono mitupu. Kundi moja liliondoka hivyo, likafuata nyayo hadi Mto Mara ukiwa umefurika. Likaingia, halikutoka. Ng'ombe wenyewe walionekana kesho yake wakila mahindi ya jirani. Lakini wale wa mtoni hakuna aliyewahi kuwaambia.

"Huyo bibi yako aliishia darasa la ngapi?" mwalimu akauliza.

Mwalimu akagonga.

Jiwe halikutoa sauti ya jiwe. Lililia kama kengele, likaendelea kulia nyundo ikiwa tayari imeinuliwa. Akagonga tena. Kipande kikaruka hadi miguuni pa Mokami. Akakiokota, akakitia mkobani, maana kazi yake siku hiyo ilikuwa kutunza vipande. Kilikuwa cha baridi, kama kilichotolewa majini.

Ndege wakanyamaza.

Wa kwanza kuona alikuwa Nchagwa, yule mchekeshaji wa darasa, hodari wa kumwiga mwalimu. Alinyoosha kidole tu. Upande wa mtoni majani marefu yalikuwa yanalala. Upepo haukuwepo. Yalilala mstari mmoja, na mstari ulikuwa unakuja.

Kisha vishindo vya miguu. Kisha pumzi, pumzi nyingi, za watu waliokimbia mbali.

Juu ya jabali kavu ikatokea alama ya unyayo. Ya maji. Ikatokea ya pili. Zikawa nyingi, zikamzunguka mwalimu, zikasimama.

Sauti ikauliza kwa Kikurya, bila hasira: umepoteza nini?

"Nani huyo?" mwalimu akang'aka. "Nchagwa, ni wewe. Leo utanitambua. Unasema nini?"

"Si mimi, mwalimu."

"Anauliza umepoteza nini," Mokami akasema. "Mwambie hakuna kilichopotea. Mwambie ng'ombe walipatikana. Nakuomba, mwalimu."

"Nimepoteza mwaka mzima na nyinyi! Mwambie hivyo."

Sauti ikauliza la pili. Mokami hakulitafsiri. Alijua mwalimu akilijibu hilo, wanaondoka. Ni Nchagwa aliyetafsiri. "Mwizi ni nani?"

Mwalimu akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mwizi ni mimi. Haya, wanaume wa Tarime, nikamateni." Akainua mikono juu.

Mikono haikushuka. Ilirudi nyuma, polepole, hadi vifundo vikakutana mgongoni. Nyundo bado iko kiganjani.

"Ng'ombe walipatikana!" Mokami akapiga kelele. "Hakuna mwizi! Rudini!"

Hakuna unyayo uliogeuka. Hakuwa yeye aliyegonga.

"Sema mwenyewe, mwalimu! Wewe ndiye wanayekusikiliza! Sema!"

Mwalimu alitaka kusema. Macho yake yalitaka. Alifungua mdomo. Yakatoka maji. Maji ya mto, mekundu, yana mchanga.

Akaanza kutembea. Ukosi wa shati umevutwa juu, vidole vya miguu vinaburuta. Majani yalilala kushoto kwake na kulia kwake. Wavulana walimkimbilia, na Mokami mbele yao. Mwalimu hakuwa akikimbia, wao wanakimbia, na hawakumfikia.

Aliingia mtoni, wasimwone tena, na mto ulikuwa umetulia. Kina chake siku hiyo magotini.

Polisi walimtafuta, wavuvi walimtafuta. Ndugu zake walikuja wakatuita wauaji. Wazazi wetu wakawajibu kwamba mtu wao alijitaja mwenyewe, ikabaki kidogo mapanga yatoke. Watu waliporudi kwenye jabali waliikuta nyundo imelazwa juu, imelowa. Pale kipande kilipovunjikia hapakuwa na kovu.

Hapo ndipo huwa naishia nikisimulia kijiweni. Watu wanaguna, wananinunulia soda.

Ila kuna sehemu naruka. Kile kipande kilichokuwa kwenye mkoba, Mokami alinipa mimi, akanibembeleza nikakitupe mbali. Sikukitupa. Juzi mchana dereva mmoja alinibishia mbele za watu, nami nikakitoa, nikakigonga kwenye rimu ya pikipiki ili nimzibe mdomo.

Kililia.

Jioni ile, mlangoni kwangu, sauti ikaniuliza nimepoteza nini. Mimi, mdomo huu unaousikia, nilikosa neno. Bado sijajibu. Naongea na wewe, naongea na yeyote anayepita, ili mdomo usipate nafasi ya kuteleza.

Na majani ya uani kwangu, kila nikiamka, yamelala. Yote. Yameelekea mlangoni.