Mariana Yuko Mezani

Nyumba ya Telesphor pale Makanyagio, mjini Mpanda, ilianza kunuka ugoro Jumanne moja saa saba mchana, jua likiwa la utosi na watoto wako shule. Imakulata, mkewe, alichungulia sebuleni akidhani kuna mgeni. Akamkuta mumewe peke yake, simu mkononi, kijasho kinamtoka.

"Baba Dorice, nani kanusa ugoro humu?"

"Hakuna mtu."

"Mbona kunanuka kama enzi za mama?"

Telesphor aliificha simu mfukoni. Mama yake, Mariana, ndiye pekee aliyewahi kunusa ugoro kwenye nyumba ile, na walimzika mwaka juzi.

Sasa nikwambie uchafu wenyewe, maana yeye asingekwambia. Telesphor alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, ile ya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, na huku nyuma anacheza poka, karata za pesa kwenye simu. Jina lake zuri alilipenda kuliko shati lake la Pasaka. Basi akachukua laini ya marehemu mama yake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, pamoja na kitambulisho chake, akajisajili kuwa yeye ndiye Mariana. Jamani, mama wa watu! Alikuwa hanunui hata bahati nasibu ya parokia.

Tena kuna tovuti inayoanika matokeo ya wachezaji wote, kila mwenye simu aone nani kala, nani kaliwa, kiasi gani. Pale Mariana wa Mpanda alikuwa na faida ya milioni kumi na nane. Bati jipya lilitoka huko. Imakulata aliambiwa ni mahindi ya Sibwesa. Hata laki tano alizotoa Telesphor kwenye misa ya kumbukumbu ya mama, waumini wakampigia makofi, zilitoka huko huko.

Jumatano alizima simu, akachomoa laini. Saa saba harufu ikarudi, na kikohozi juu yake, nyuma ya pazia la chumba cha mama. Aliazima simu ya mkewe, akafungua ile tovuti, na pale iliandikwa Mariana yuko mezani, anacheza sasa hivi, na kila kikohozi kilipotoka nyuma ya pazia namba za ushindi zilipanda, laki, laki mbili, milioni, na yeye hakuwa na ubavu wa kunyanyuka kwenda kulifunua lile pazia.

Ijumaa ikaja barua ya ofisi ya kodi. Imakulata ndiye aliyeipokea.

"Wanamwandikia mama," alinong'ona. "Mapato yake ya karata yameonekana hadharani, na hajapeleka ritani, ile hesabu ya mapato ya mwaka. Jumatatu aende akajieleze. Telesphor, umefanya nini?"

Akamweleza yote. Imakulata hakufoka, na afadhali angefoka. Alijifunga khanga tu, akasema waende kwa mganga.

Jioni ile walikwenda Mwamkulu kwa Bi Doto, mganga. Walimkuta anachambua mchele.

"Huyo si mama yako," alisema bila kuinua uso. "Mama yako kalala. Jina lake umelitupa barabarani, linaitwa na hakuna wa kuitika. Jini limeliokota, limelivaa."

"Litatokaje, mama?"

"Mbele ya waliomzika. Wao ndio wanaojua kwamba kafa. Useme yote. Ukificha kitu, nalo litajificha hapo hapo."

Jumamosi jumuiya ilijaa sebuleni. Telesphor akasimama, akasema karata, akasema laini, akasema bati, na kila aliposema harufu ilipungua, ila alipofika kwenye zile laki tano akamwona mzee Kassiani, katekista, aliyemshika mkono siku ile mbele ya kanisa zima na kumwita mtoto mwema, na ulimi ukawa mzito, na akasikia mtu nyuma ya pazia ameacha kukohoa, kama anamsubiri, naye akasema, "Ni hayo tu."

Wakasali, wakaenda zao. Harufu ikaisha kabisa.

Jumatatu alifika ofisi ya kodi na cheti cha kifo. Afisa, kijana aitwaye Hilari, alikisoma, akakunja uso.

"Mzaha gani huu, mzee? Bibi Mariana katoka hapa muda si mrefu. Kaeleza faida zake zote, kaweka dole gumba. Hata laki tano za kanisa kazitaja. Nikamuuliza kama ana mtoto wa kumsaidia, akasema hakuwahi kuzaa mtoto wa kiume."

Telesphor alitoka nje mbio, akampigia mkewe.

"Imakulata, toka humo ndani!"

"Nitokeje na wageni wamejaa?" Sauti ilikuwa tulivu. "Mama karudi kutoka mjini. Kina mzee Kassiani wamekuja kumsalimia."

"Mama tulimzika!"

"Tumzike mama, ana nini?" Nyuma yake watu walicheka, na mmoja akakohoa. Kisha Imakulata akauliza kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mgeni, "Samahani, kaka. Nani mwenzangu?"