Hapana ya Utingo

Sokoni, saa ya kushusha mizigo, lori lilikwama kati ya mikokoteni na magunia ya saruji. Dereva alikuwa mwanamke, kitambaa chekundu kichwani. Kila mtu alimpigia kelele, kila mmoja na lake. Ndipo utingo wa lori jingine, mrefu, shati la buluu limepauka, akasimama nyuma pale kioo cha pembeni kingemwonyesha.

"Usiwasikilize hao, dada. Tazama mikono yangu tu."

Njoo, njoo, kata kushoto. Kiganja kikafumbwa: simama. Lori halikugusa hata gunia.

"Namba ya simu nayo unaitoa?" utingo akauliza.

"Una kalamu?"

"Nina kichwa."

Utingo alimwita dereva huyo Gia. Wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Gia, nikuoe?"

"Nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili ipi? Ziko nyingi."

"Hii, mwenye haraka wewe."

Ijumaa ubao wa lori ulifyatuka, ukampiga utingo kichwani.

Gia alikwenda hospitali amevaa gauni alilonunua kwa ajili ya Jumapili. Mgonjwa alikuwa na bandeji mpaka kwenye nyusi.

"Jibu langu ni ndiyo, mpenzi. Bado unanitaka?"

"Hapana."

"Umenisikia lakini?"

"Hapana, hapana."

Hakulia. Alikwenda nyumbani, akavua gauni, akarudi kazini. Alikula bila kuonja, akaendesha bila redio. Mvua zilianza, zikaisha. Hakwenda tena kumwona.

Dada wa utingo akapiga simu. "Wifi, ndiyo umetutupa?"

"Kaka yako amenikataa kwa mdomo wake."

"Mdomo gani? Mdomo huo unauambia uji hapana, na bakuli anamaliza. Hata mimi ananiita Hapana. Daktari anasema kichwani, pale maneno yanapokaa, pameumia. Anaelewa. Analotaka kusema ndilo halitoki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza?"

Gia akaendesha lori lake mpaka nyumbani kwa utingo. Uchochoro wa kwao ulikuwa mwembamba, akaingia kinyumenyume. Utingo alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, kovu limepita juu ya sikio. Alipoona tairi linaelekea ukutani aliinuka. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, akatumia wa kushoto. Njoo. Njoo. Kata.

Gia akatoa kichwa dirishani. "Bado unanitaka?"

"Hapana."

Uso ulimkunjamana, amelikasirikia neno lake mwenyewe. Mkono haukusita: njoo, njoo.

Gia hakusikiliza mdomo. Alirudi nyuma taratibu, macho kwenye kioo, mpaka kiganja kilipofumbwa. Akazima injini.

"Hutaniita Gia tena," alisema.

"Hapana."

Hiyo moja ilikuwa ya kweli, jina hilo halingetoka tena mdomoni mwake, na wote wawili walijua. Gia akashuka na mkoba wake wa nguo.