Shangwe na Kutu Kaidi

Sogeeni karibu. Sogeeni tena kidogo. Haya, mnasikia honi hiyo? Paaap! Papaaap! Huyo ni Shangwe, lori mzee kuliko wote Chumvini, na leo nawapa habari yake.

Mishi alikuwa na miaka sita. Aliishi Chumvini na babu yake, Babu Kombo, na shangazi yake, Shangazi Mwaka.

Chumvini kuna chumvi. Mabwawa ya chumvi, marundo ya chumvi, upepo wa chumvi. Hata maji ya kisima yana chumvi! Watu huyaogea na kuyafulia tu. Ukiyanywa, uso unakunjamana hivi. Hebu kunjeni nyuso zenu tuone.

Basi maji matamu ya kunywa yalitoka wapi? Yaliletwa na Shangwe.

Shangwe alikuwa lori la Babu. Alikuwa wa buluu, ana pua ndefu na taa mbili za mviringo. Jina lake liliandikwa juu ya kioo kwa herufi kubwa: SHANGWE.

Asubuhi Shangwe alibeba chumvi kwenda mjini. Jioni alirudi na mapipa ya maji matamu. Paaap! Papaaap! Watoto walitoka mbio na vikombe mkononi. Mishi alikuwa na kikombe chake chekundu, na kila siku alikuwa wa kwanza.

Lakini chumvi haina urafiki na chuma. Ikikaa juu ya chuma, inaleta kutu.

Kutu ilikula bampa la Shangwe. Ikala ngazi yake. Mlangoni ikatoboa tundu, na mkono wa Mishi ukapita wote! Mishi alicheka. Babu hakucheka.

Siku moja Shangwe akaanza kulia njiani. Kwiii, kwiii, kwiii. Babu akamrudisha nyumbani taratibu, akamwita Shangazi Mwaka.

Shangazi Mwaka ni fundi. Ana ovaroli, ana spana, na hapendi maneno mengi. Aliingia chini ya lori na nyundo yake ndogo, akagonga chesisi, yaani mifupa ya lori. Ko, ko, ko. Ko, ko, ko.

"Mifupa bado mizima," alisema Shangazi. "Kutu iko juu juu. Tuikwangue yote, tupake rangi ya kuzuia kutu. Tukichelewa, hatuna lori."

Babu akashusha pumzi. "Jumamosi anakuja yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Shangwe asipopona, itabidi nimpe. Atamkata vipande."

Vipande! Moyo wa Mishi ulishtuka.

"Na maji matamu ataleta nani?" aliuliza.

Babu akayatazama mapipa ya maji.

"Basi atapona," alisema Mishi. "Nipeni brashi."

Jumatatu wakaanza kazi. Shangazi alishika brashi ya waya. Babu alishika kikwangulio. Mishi alipewa kipande cha msasa, na kitambaa cha kufunga puani vumbi lisiingie. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Kwangua, sugua, futa!
Kutu, leo utajuta!"

Kutu ilianguka chini, pukuti pukuti. Chuma kikaanza kung'aa. Mishi akauona uso wake kwenye bampa, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la kutu.

"Sasa tumwogeshe," alisema Babu. Alichota ndoo kumi kisimani. Shwaaa! Shwaaa! Shangwe akawa safi, na wote watatu wakaenda kulala wamefurahi.

Jumanne asubuhi Mishi aliamka wa kwanza. Akakimbia nje. Loo! Shangwe alikuwa wa rangi ya chungwa. Kutu ilikuwa imerudi!

"Ni umande," alisema Babu.

"Ni hii brashi, imechakaa," alisema Shangazi.

Wakaanza upya. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Kwangua, sugua, futa!
Kutu, leo utajuta!"

Babu akachota tena ndoo kumi kisimani. Shwaaa! Shwaaa!

Na Jumatano asubuhi? Mnajua nyinyi! Kutu imerudi, imekaa juu ya lori kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Babu aliketi juu ya tairi kuukuu. Akavua kofia yake. "Basi, Mwaka," alisema. "Mimi nimechoka. Na Shangwe amechoka."

Mishi hakuweza kuvumilia. Alimkumbatia Shangwe kwenye pua yake ndefu, akalia kwa sauti. Machozi yakamfika mdomoni. Yalikuwa ya chumvi.

Chumvi?

Mishi akanyamaza. Akapitisha kidole mlangoni, mahali pasipo na kutu, akakigusisha ulimi.

"Ptu! Chumvi!" alipiga kelele. "Babu! Shangazi! Shangwe ana chumvi mwili mzima! Tumemwogesha kwa chumvi!"

Babu akaangalia ndoo. Shangazi akaangalia kisima. Kisha wakaangaliana.

"Maji ya kisima," alisema Shangazi Mwaka, na akajipiga kofi kwenye paji la uso. Paa!

Msiwacheke sana. Watu wa Chumvini wameoga maji ya kisima tangu kuzaliwa, na ngozi haipati kutu. Nani angekumbuka kwamba chuma si ngozi?

"Anataka maji matamu," alisema Mishi.

"Maji matamu ni ya kunywa, mjukuu wangu," alisema Babu kwa upole. "Shangwe hajasafiri siku tatu. Maji katika mapipa yote ya mtaa yamebaki chini kabisa. Nitamwambiaje mtu anipe maji ya kuoshea lori?"

Mishi alifikiri. Akaingia ndani, akatoka na kikombe chake chekundu. Kilikuwa kimejaa maji yake ya kunywa ya asubuhi ile.

Akasimama mbele ya lori. "Shangwe, wewe umeniletea kila siku," alisema. "Leo zamu yangu."

Akalowesha kitambaa, akafuta taa moja. Taa moja tu, kisha maji yakaisha.

Basi Mishi akatoka, akashika njia ya katikati ya mtaa. Akavuta pumzi, akapiga honi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Paaap! Papaaap!"

Milango ikafunguka. Watu wakatoka na ndoo, na masufuria, na madumu. Bi Riziki, jirani yao, alitoka na birika.

"Shangwe ameleta maji?" aliuliza Bi Riziki.

"Leo hajaleta," alisema Mishi. Sauti yake ilitetemeka, lakini hakukimbia. "Leo anaomba. Tukimwosha kwa maji matamu atapona. Asipopona, Jumamosi anakatwa vipande."

Watu wakaangalia ndoo zao. Mishi alisikia moyo wake unapiga du, du, du.

Bi Riziki akarudi ndani. Mishi akainamisha kichwa.

Mara, huyo Bi Riziki! Birika lake limejaa hadi mdomoni. "Miaka yote hii amenipikisha chai," alisema. "Leo zamu yangu."

Mtoto mmoja akaleta kikombe. "Leo zamu yangu." Mwingine akaleta nusu dumu. "Leo zamu yangu!" Na mpishi wa vitumbua akaleta sufuria zima, akasema leo vitumbua visubiri.

Kutu ikakwanguliwa tena, kisha wakamwosha Shangwe kwa vitambaa, taratibu, hakuna tone lililomwagika ovyo. Waliosha mlango, bodi, na chesisi yote kule chini. Jua likamkausha.

Kisha kila mtu akamtazama Mishi. Mishi akapitisha kidole mlangoni, akakigusisha ulimi. Akafumba macho.

"Hakuna chumvi!"

"Upesi, rangi!" alisema Shangazi Mwaka. "Na kuanzia sasa hakuna kulamba kitu, Mishi. Rangi hailambwi."

Rangi ya kuzuia kutu ni nyekundu ya udongo, na ni nzito. Shangazi aliikoroga koponi. Koro, koro, koro. Akapaka chesisi. Babu akapaka bodi. Pwacha, pwacha, pwacha!

"Paka juu, paka chini,
kutu, huingii ndani!"

Nyuma ya ngazi palikuwa na kona nyembamba. Mkono wa Babu haukuingia. Mkono wa Shangazi haukuingia. Mkono wa Mishi? Uliingia wote hadi kwenye kiwiko! Akapaka kona ile yote, hata palipofichika.

"Paka juu, paka chini,
kutu, huingii ndani!"

Alhamisi wakapaka rangi hiyo mara ya pili. Shangazi akaziba tundu la mlango kwa bati. Ijumaa wakapaka buluu, buluu nzuri ya sare ya shule. Babu akaandika jina upya juu ya kioo, ulimi wake umetoka nje kidogo kwa makini: SHANGWE.

Jumamosi asubuhi Mishi hakukimbia nje. Alitembea polepole. Aliogopa kuangalia. Alifungua jicho moja.

Buluu. Akafungua la pili. Buluu, buluu, buluu! Hakuna kutu hata chembe!

"Tumeishinda!" alipiga kelele Mishi. "Babu, amka! Tumeishinda!"

Mnunuzi wa vyuma chakavu akafika na mkokoteni wake. Akamzunguka Shangwe mara moja. Akagonga bodi. Ko, ko, ko.

"Mzee, umeniita kwa chuma chakavu," alisema. "Kiko wapi? Hapa naona lori jipya."

Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mnunuzi akapewa ile ndoo ya kisimani, ambayo sasa ilikuwa imetobolewa na kutu, akaenda zake.

Babu akapanda, akawasha injini. Guruu, guruu, gurumgurum! Mishi akaligonga bampa kwa kiganja chake. "Haya, Shangwe," alisema. "Sasa zamu yako."

Siku ile mtaa mzima ulikuwa unangoja. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Kisha, kwa mbali sana, nyuma ya marundo meupe ya chumvi:

Paaap! Papaaap!

Vigelegele vilipigwa Chumvini yote! Shangwe aliingia na mapipa yamejaa hadi juu, akapita katikati ya watu kama bwana harusi. Shangazi Mwaka, yule asiyependa maneno mengi, alicheza katikati ya njia na ovaroli lake.

"Wa kwanza ni nani?" aliuliza Babu.

"Mishi!" walijibu watoto wote.

Mishi akanyoosha kikombe chake chekundu. Akanywa. Glu, glu, glu. Yalikuwa matamu, na hayakuwa na chumvi hata kidogo.

Usiku Babu alimfunika shuka. Mishi alikuwa na doa la rangi ya buluu sikioni, na hakutaka lifutwe.

"Babu, nani atamwosha Shangwe kesho?"

"Mimi. Kwa kikombe kimoja cha maji matamu na kitambaa, kila jioni."

"Hapana, Babu," alisema Mishi, huku macho yakijifumba. "Kesho zamu yangu."

Nje, chini ya dirisha, lori mzee wa buluu alikuwa ametulia, mkavu na mzima. Na Mishi akalala.