Gundi Aligeuza Picha Bila Kumwambia Taa

Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mama mwenye filamu alisimamisha picha ukutani, akanyoosha kidole.

"Huyu ndege wenu ana jua lake peke yake?"

Chumba kizima kikaona. Vivuli vya watu uwanjani vimelala kulia; cha yule ndege mkubwa wa kompyuta kimelala kushoto.

"Nani kaweka mwanga?" bosi akanguruma, utadhani hajui.

"Mimi," akajibu Taa. Jina hilo alipewa kwa kazi yake: kuwamulika viumbe wa kompyuta, kisha kuwarenda, yaani kuiachia mashine iwachore mpaka wafanane na walio hai. "Lakini nimefuata vipimo vya jua la siku ile ile ya kupiga picha."

"Basi Gundi akirekebishe hicho kivuli."

Gundi, mbandikaji wa viumbe hao kwenye picha halisi na mchumba wa Taa, akakohoa.

"Hakibanduki, bosi. Kimerendwa pamoja na ndege."

"Kwa nini havikutenganishwa?"

"Si niliomba?" Taa akadakia. "Ndege tabaka lake, kivuli tabaka lake. Ukasema mashine zitachelewa!"

"Usinitupie mimi! Kusanya vitu vyako uende."

Wakubwa ndio zao: mikono mirefu kwenye sifa, mifupi kwenye lawama.

Taa akamtazama mchumba wake. Gundi akatazama viatu, kisha akatoka kurudi mezani kwake.

Punde simu yake ikatetemeka: ujumbe wa Taa.

"Nafunga kompyuta yangu, naona picha ya uwanja imegeuzwa. Kushoto kumekuwa kulia. Ni wewe?"

Gundi akausoma mara mbili. Ijumaa iliyopita bosi alitaka ndege atue upande wa pili. Gundi akaigeuza picha yote, jua na kila kitu, akasahau kumwambia Taa naye ageuze mwanga wake.

"Ni mimi," akaandika.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwangu. Na ukanyamaza!"

Gundi akainuka, akarudi mbiombio chumba cha kutazamia.

"Mama, samahani. Picha niliigeuza mimi, kwa agizo la bosi. Taa sikumwambia. Hana kosa."

"We Gundi!" bosi akafoka.

"Nifukuze mimi, bosi. Yeye mwache."

"Nyie fukuzaneni baadaye," mama akasema. "Mimi nataka ndege. Siku ngapi?"

"Tatu," ikajibu sauti mlangoni. Taa, boksi mkononi. "Ila safari hii kila kitu na tabaka lake."

"Kila kitu na lake," mama akakubali. Bosi naye akaitikia kwa kichwa, kama vile wazo ni lake.

Ijumaa ndege akatua. Gundi akakififisha kivuli kidogo pale penye vumbi, ndege asiguswe hata unyoya. Mama mwenye filamu akapiga makofi peke yake, mara mbili.

Wachumba wakashuka ngazi wameshikana mikono.

"Umenisamehe, mpenzi?"

"Tangu jana. Nilikuwa nanuna tu uendelee kuniletea chai."

"Ah! Vikombe sita vyote vile?"

"Saba. Kimoja hukutia sukari."

Wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Halafu Taa akamtazama usoni.

"Gundi, ningekuwa mfanyakazi mwenzako tu, si mchumba wako, ungerudi kule chumbani kusema ukweli?"