Daftari la Bethel Hill

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Terrence Broadnax alifungua kabati la chuma katika ghorofa ya pili ya jengo la jiji la Tolliver, akakuta rafu ya katikati tupu. Daftari la Bethel Hill lilikuwa limechukuliwa.

Lilikuwa na uzito wa kilo tisa. Ndani yake mlikuwa na majina ya familia, picha na anwani za nyumba 212 za watu Weusi, zilizobomolewa mwaka 1964 kupisha barabara kuu. Sasa jiji lilikuwa na Mpango wa Usawa kwa Wakazi Weusi, na kazi ya kwanza ya mpango huo ilikuwa kuwapa wazao wa familia hizo viwanja vilivyobaki kando ya barabara. Baraza lingepiga kura Alhamisi saa nane mchana. Bila daftari, hakuna orodha ya majina.

Saa tatu kasorobo alifika mpelelezi Verdell Gaines, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye mama yake alizaliwa Bethel Hill. Alitazama kufuli. Halikuwa hata na mkwaruzo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema Terrence, mtunza nyaraka wa mpango. "Wangu unakaa kwenye msumari ule nikiwa kazini. Mwingine anao Mama Crutcher, mwenyekiti wetu."

"Jana nani aliingia humu?"

"Hollister! Yule mwenye maegesho ya magari kwenye vile viwanja. Saa kumi na nusu alikuja kunifokea hadi mate yakaruka. Saa kumi na moja na dakika tano nikafunga kabati bila kuangalia ndani, nikaondoka."

Gaines aliinama. Kwenye rafu ya chini palikuwa na glavu nyeupe za kushikia kurasa za zamani, moja imekunjwa vizuri ndani ya mwenzake.

"Wewe ndiye uliyezikunja hivi?"

"Mimi? Dada, mimi hata soksi sikunji."

Gaines aliandika hilo. Mwizi alivaa glavu, kisha akazikunja. Hakutaka kuliumiza daftari.

Kabla ya saa nne Mama Arletha Crutcher aliingia akisukuma kigari chake cha kutembelea, kile chenye kiti mbele. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na kwa miaka hamsini alikuwa akikaribisha waumini mlangoni pa kanisa.

"Wamelichukua lote?" aliuliza, akashika kifua. "Na zile sahihi arobaini na moja? Ee Bwana."

"Keti, Mama," Gaines alimwambia. "Tutalitafuta."

Saa sita Gaines alikuwa ofisini kwa Wade Hollister.

"Mimi niibe?" Hollister alicheka. "Nina mawakili watatu, mama. Nitawapinga mchana kweupe. Isitoshe, yule kijana wenu hakuniacha nisogee hatua mbili kutoka mlangoni. Muulize."

Terrence, alipopigiwa simu, alikubali kwa shingo upande kwamba ni kweli. Lakini kamera ya mlango mkubwa ilikuwa na jambo jingine: saa kumi na moja na dakika arobaini Terrence alirudi, akatoka baada ya nusu saa na bahasha chini ya koti.

Jumatano saa mbili asubuhi Gaines alimkalisha.

"Bahasha ilikuwa na nini?"

Terrence alitazama mlango.

"Kaka, ukinyamaza, nitaandika ninachokiona."

"Barua za kuomba kazi," alisema, uso chini. "Nilitumia mashine ya ofisi kuzichapa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na nina mtoto. Sikuingia chumba cha kabati, naapa."

Gaines alimwamini nusu. "Niambie kuhusu sahihi arobaini na moja."

Terrence aliinua kichwa ghafla. "Nani kakwambia? Jumatatu saa kumi kitambaa cha jalada kilibanduka, nikakuta karatasi zimeshonwa chini yake. Fomu za watu waliokubali kuhama. Nilizihesabu, nikafunga. Sijamwambia mtu hata mmoja."

Gaines alifunga kijitabu chake taratibu. Alitamani iwe vinginevyo.

Saa nne alikuwa jikoni kwa Mama Crutcher. Bibi huyo alimkatia pai ya pichi, akammiminia chai baridi.

"Mama, uliingia kwa mlango wa nyuma, ule wenye njia ya kupitisha vigari kama chako. Kule hakuna kamera. Ulitumia ufunguo wako, ukavaa glavu, ukaliweka daftari kwenye kiti cha kigari, ukalifunika kwa koti. Kisha ukazikunja glavu kama unavyokunja zile za kukaribishia waumini kanisani."

"Nani kasema?"

"Wewe. Jana ulitaja sahihi arobaini na moja. Kwamba zilikuwa ndani ya daftari alijua Terrence peke yake, na yeyote aliyefungua jalada baada yake."

Mama Crutcher aliweka kisu cha pai mezani. Kisha alifungua kabati la vyombo. Daftari lilikuwa ndani, limefungwa kwa kitambaa safi cha meza.

"Nilikwenda kuitazama picha ya nyumba yetu tu," alisema. "Nikaona jalada limelegea. Shahidi wa kila fomu ni Mchungaji Lucius Crutcher. Baba yangu, aliyelitengeneza daftari hili. Na si shahidi tu, Verdell. Sahihi zote ni mwandiko wake. Wale watu hawakukubali kitu. Wakubwa wa jiji walimwahidi Baba kwamba watu wakihama kimya kimya, kanisa litaachwa. Miezi miwili baadaye wakaleta tingatinga, wakalibomoa nalo. Hakuhubiri tena hadi anakufa. Mimi nilidhani ni huzuni."

"Ungezifanya nini?"

"Nizikate, nirudishe daftari leo. Mkasi huo hapo. Kila nikiushika, nasoma jina. Bi Purvis. Bwana Tarpley. Nashindwa."

Gaines alivuta kiti karibu. "Mama, wanasheria wa jiji wanasema rekodi zao zinaonyesha familia arobaini na moja ziliondoka kwa hiari. Wameziondoa familia hizo kwenye mpango. Karatasi hizi zinaonyesha uongo ulivyofanywa, lakini ni nani aliye hai anayeujua mwandiko huu?"

Bibi alifunika uso kwa aproni.

"Nitaandika kila kitu kwenye ripoti yangu," Gaines alisema. "Pamoja na kwamba umelirudisha. Mengine nakuachia."

Alhamisi saa nane na robo, Mama Crutcher alisimama mbele ya baraza la jiji. Ukumbi ulijaa. Alisema aliiba, na kwa nini. Kisha alimtaja baba yake kwa jina lake kamili, akasoma majina arobaini na moja bila kuruka hata moja. Baada ya kila jina alisema, "Huyu hakusaini."

Kura zilikuwa saba kwa mbili, na familia zote 212 ziliingizwa.

Watu walipiga makofi, lakini Mama Crutcher alikaa peke yake mstari wa mbele, viti vya kulia na kushoto vitupu. Ndipo Otha Purvis, mzee wa miaka themanini na tatu, aliponyanyuka nyuma, akapita katikati ya ukumbi polepole.

"Mama yangu alikufa akiambiwa aliuza nyumba yake kwa hiari," alisema. "Hata sisi wanawe tulimlaumu."

Mama Crutcher hakuweza kumtazama. "Nisamehe, Otha."

"Sogea kidogo," alisema mzee Purvis, akaketi kando yake.