Rodi Alizoziacha Baba

Kila siku ya likizo, Awinja alipomaliza kuosha vyombo na kufagia uwanja, alishika njia ya kwenda sokoni Butali. Alipita kando ya trekta zilizosheheni miwa hadi kwenye kibanda cha mabati cha Mama Kibet. Mama huyo, ambaye jina lake hasa lilikuwa Cherotich, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ameanzisha kazi hiyo pamoja na Wanjala, babake Awinja. Wanjala alifariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa figo, na tangu hapo Mama Kibet alifanya kazi peke yake.

Awinja alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mama Kibet alikuwa ameanza kumfundisha, lakini kwa masharti. Ilikuwa lazima avae glavu na ngao ya uso yenye kioo cheusi. Alichomelea vipande vilivyotupwa tu. Tena hakuruhusiwa kuwasha mashine fundi akiwa hayupo.

Wiki hiyo kulikuwa na huzuni nyumbani kwao. Msalaba wa mbao kwenye kaburi la Wanjala ulikuwa umeliwa na mchwa ukaanguka, na Jumamosi watu wa kanisa walikuwa waje kwa ibada ya kumkumbuka. Mama Kibet alitoa paipu ya mraba, akaahidi kuutengeneza msalaba wa chuma siku ya Ijumaa.

Awinja hakutaka kungoja. Chini ya kitanda cha mamake kulikuwa na pakiti ya rodi, vile vijiti vya chuma vilivyopakwa unga mgumu ambavyo huyeyuka na kuunganisha vyuma. Zilikuwa za baba. Alikuwa amezizungushia shati lake la kazi kabla ya kwenda hospitalini, akisema atarudi kuzitumia. Hakurudi.

Siku ya Alhamisi Mama Kibet aliitwa aende Matete kutengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. "Fagia, kisha ufunge," alimwambia Awinja. "Mashine usiiguse."

"Sawa, Mama Kibet," Awinja akajibu. Lakini shati la babake, pamoja na rodi zile, lilikuwa tayari ndani ya mfuko wake.

Alibaki peke yake. Alivaa glavu na ngao, akaikata paipu, akaipanga iwe msalaba. Kisha akawasha mashine na kuongeza umeme hadi pale alipomwona baba akiuweka alipokuwa akichomelea trela za miwa.

Rodi ya kwanza ilinata kwenye chuma. Alipoivuta, unga wake ulipasuka na kumwagika kama magome ya mti mkavu. Ya pili ilitoa moshi na kurusha cheche ovyo. Ya tatu iliwaka kwa ukali, na Awinja alipofunua uso aliona tundu kubwa pale alipotaka kuweka mshono. Akajaribu kuliziba. Tundu likapanuka. Akajaribu tena, hadi mkono mmoja wa msalaba ukakatika na kuanguka mavumbini.

Mama Kibet aliporudi alimkuta ameketi chini, mashine imezimwa, shati la babake likiwa mapajani. Alifungua kinywa kukemea. Alipolitambua shati lile, akakifunga.

"Uliwasha mashine," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, Mama Kibet. Nimeuharibu msalaba wa baba." Machozi yalimtoka. "Nilitaka na yeye awe ametia mkono katika kazi hii. Rodi ni zake. Nilifikiri zitajua la kufanya."

Mama Kibet aliketi mavumbini karibu naye. Kisha fundi akachukua rodi moja na kuiweka kando ya ukingo wa paipu.

"Tazama unene wa rodi hii. Sasa tazama ukuta wa paipu, ni mwembamba kama ganda la yai. Rodi nene hutaka umeme mwingi, na umeme mwingi hutoboa chuma chembamba. Baba yako alikuwa akichomelea trela. Kwa paipu kama hii angechukua rodi nyembamba na kupunguza umeme."

"Na mbona unga wake unamwagika?"

"Zimekaa chini ya kitanda mvua zote hizi. Zimeingia unyevu. Hata yeye, rodi zikiingia unyevu hivi, alikuwa anazitupa bila kujiuliza mara mbili."

Awinja alizikumbatia rodi zilizobaki. "Nikizitupa, nitabaki na nini chake?"

Mama Kibet alifuta macho kwa upindo wa leso yake.

Kesho yake walikata sehemu zilizoharibika. Msalaba ungekuwa mfupi, lakini hapakuwa na paipu nyingine. Mama Kibet alitoa rodi nyembamba kutoka pakiti kavu, akapunguza umeme, akamwachia Awinja kipande kilichotupwa. Awinja alirudia na kurudia hadi mshono ukanyooka bila kutoboa. Ndipo akaruhusiwa kuunga mkono mmoja wa msalaba. Mwingine aliuunga fundi.

Jumamosi, baada ya maombi, msalaba ulisimikwa kaburini. Abigail, mamake Awinja, aliupapasa.

"Mbona ni mfupi hivi?"

Awinja alimweleza yote, hata la kuwasha mashine bila ruhusa. Mamake alilia, akamvuta kifuani.

"Mwanangu, ungeungua, nami ningekuzika hapa kando ya baba yako," alisema. "Kumpenda si lazima utumie vitu alivyoacha. Baba yako alikuwa anatazama chuma kwanza, ndipo anachagua rodi. Asipojua, alikuwa anauliza. Ukitaka kumfuata, mfuate katika hilo. Kuuliza si ujinga, na kungoja mwalimu si uvivu."

"Nimesikia, Mama."

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Awinja alibaki akiupaka msalaba rangi nyeupe, polepole, huku Mama Kibet amemshikia kopo.